Nyuki Naye Anakula Nini?

Mwaka jana, tulipotimiza miaka kumi ya ndoa, nilimpa mke wangu zawadi ambayo kwa muda wa miezi mitatu hakuivaa hata siku moja. Ilikuwa mkufu mwembamba wa fedha uliochovywa dhahabu, wenye kidani cha umbo la nyuki. Nilikuwa nimeuagiza kwa sonara mmoja wa Kariakoo, nikaketi naye mara mbili kumweleza jinsi nilivyotaka mabawa yawe, na gharama yake ilimeza mshahara wangu wa wiki mbili. Nilijiona mume mwema. Siku yenyewe ilipowadia, watoto wakiwa wamekwisha kulala, nilimkabidhi kijisanduku chake na kumwambia maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani: kwamba nimechagua nyuki kwa sababu katika viumbe vyote sijaona afanyaye kazi kwa bidii kumshinda nyuki, na katika wanawake wote sijaona anayefanana na yeye.

Mama Rehema alikitazama kidani kile kwa muda. Alikigeuza mgongo na tumbo, kama mtu akaguaye kitambaa kabla ya kukilipia. Kisha akasema, "Asante, Baba Rehema. Ni kizuri." Akakirudisha katika kijisanduku, na kijisanduku akakitia katika droo ya kabati, chini ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Mtu yeyote aliyekaa katika ndoa anajua kwamba zipo asante za namna nyingi. Hii haikuwa ya furaha, wala haikuwa ya ghadhabu. Ilikuwa ile ambayo mtu humpa karani wa posta aliyemrudishia chenji yake sawasawa.

Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu nilimwuliza kama kidani kina kasoro. Alikuwa akichambua mchele, na hakuinua macho.

"Hakina kasoro. Sonara amefanya kazi nzuri. Ila nimejiuliza swali moja tu. Methali inasema, fuata nyuki ule asali. Mimi nimelelewa katika nyumba ya mrina asali, na nyuki namjua kuliko unavyomjua wewe. Methali hiyo inamsema yule anayemfuata nyuki. Je, nyuki naye anakula nini?"

Sikuwa na jibu. Mke wangu ni mzaliwa wa Tabora. Baba yake, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa na mizinga ya magogo na ya magome iliyotundikwa juu ya miti katika misitu ya miombo, na mikono yake ilikuwa na makovu ya miaka mingi ya kupanda na kushuka usiku akiwa na mwenge wa moshi. Mimi ni mtoto wa mjini; asali naijua ikiwa imekwisha kutiwa chupani.

Lakini sisi waandishi tuna ugonjwa wetu. Tukishindwa kwa maneno ya nyumbani hukimbilia vitabu. Niliazimia kwenda Maktaba Kuu, nitafute ushahidi kwamba kumvika mwanamke nyuki ni heshima tangu zama za kale, kisha nirudi nimsomee. Ushahidi huo niliupata, tena mwingi. Lakini sikujua kwamba ushahidi huohuo ungenigeukia.

DHAHABU YA WATU WA KALE

Nilianzia Misri, ambako wadudu hawakudharauliwa hata kidogo. Dundu yule aviringishaye mavi ya wanyama, ambaye sisi humpisha huku tumekunja pua, Wamisri walimfanya mfano wa Khepri, mungu wa jua la alfajiri. Kwani walipomwona akilisukuma donge lake walikumbuka jinsi jua linavyosukumwa angani. Walimchonga katika mawe, wakamvaa katika pete na bangili, wakamweka hata juu ya vifua vya wafu wao. Katika kaburi la Farao Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, kilipatikana kidani kikubwa cha kifuani, na katikati yake yumo dundu wa namna hiyo, amechongwa katika kioo cha asili cha rangi ya manjano kilichotoka katika jangwa la Libya.

Nzi naye alikuwa na cheo chake. Malkia Ahhotep, aliyeishi yapata mwaka 1550 K.K. na kusifiwa kwa kuwakusanya askari wa Misri wakati wa vita, alizikwa na mkufu wenye nzi watatu wakubwa wa dhahabu. Wataalamu wengi wameeleza kwamba nzi wa dhahabu alikuwa nishani ya ushujaa: nzi hufukuzwa akarudi, hufukuzwa tena akarudi tena, na askari hodari ni vivyo hivyo. Hapo nilitabasamu. Kama malkia alivikwa nzi, mke wangu ana nini cha kumlalamikia nyuki?

Na nyuki mwenyewe alikuwa na daraja kubwa zaidi. Cheo cha mfalme wa Misri kiliandikwa kwa picha mbili, ya unyasi na ya nyuki; unyasi ukiwa alama ya nchi ya kusini, na nyuki akiwa alama ya nchi ya kaskazini, kule mto Nile unakomwagika baharini. Watu hao walisimulia kwamba mungu wao Ra alipolia, machozi yake yaliyodondoka chini yaligeuka kuwa nyuki. Katika hekalu la jua la Mfalme Niuserre, lililojengwa miaka ya 2400 K.K. hivi, imechongwa picha ya watu wakifukiza mizinga moshi na kumimina asali katika vyombo. Ni miongoni mwa picha kongwe kabisa za ufugaji wa nyuki duniani.

Kutoka Misri nikavuka bahari hadi kisiwa cha Krete. Karibu na mji wa kale wa Malia kuna makaburi yaitwayo Chrysolakkos, maana yake shimo la dhahabu. Humo wachimbuzi wa mambo ya kale kutoka Ufaransa walipata, mwaka 1930, kidani cha dhahabu kisichofika upana wa sentimita tano, chenye umri wa zaidi ya miaka 3,600. Wadudu wawili wametazamana, mikia yao imepinda hadi ikakutana, na baina yao wameshika kiduara ambacho wengi hukitambua kuwa ni sega la asali. Chini yao vinaning'inia visahani vitatu vya dhahabu, ambavyo bila shaka vilitikisika mvaaji alipotembea. Wapo wasemao kuwa wadudu wale ni nyigu, lakini kwa watu wengi wamekwisha kuwa nyuki wa Malia. Nilipoiona picha yake niliuonea haya mkufu wa sonara wangu.

Katika kisiwa cha Rodo, karne ya 7 K.K., masonara walitengeneza vibamba vya dhahabu vya kupamba kifua, na katika baadhi yake ameonyeshwa mungu wa kike ambaye nusu ya juu ni mwanamke mwenye mabawa na nusu ya chini ni nyuki. Na huko Efeso, mji ambao magofu yake yamo katika Uturuki ya leo, nyuki aligongwa katika sarafu, na sanamu za Artemi wa Waefeso zilipambwa nyuki katika vazi lake. Wasomaji wa Biblia watamkumbuka Artemi huyo katika kitabu cha Matendo ya Mitume, pale Demetrio mfua fedha alipofanya ghasia kwa hofu kwamba mahubiri ya Paulo yangewaharibia masonara biashara yao ya vihekalu vya fedha.

Hata wafalme wa Ulaya walimtamani mdudu huyu. Mwaka 1653, katika mji wa Tournai, lilifukuliwa kaburi la Mfalme Childeric wa Wafaranki, aliyefariki karibu na mwaka 481. Ndani yake walikutwa wadudu wapatao 300 wa dhahabu, mabawa yao yakiwa yamejazwa vito vyekundu. Wengi wao waliibwa mjini Paris mwaka 1831 wakayeyushwa, na leo wamebaki wawili tu. Lakini kabla ya wizi huo Napoleon alikwisha kuwaona na kuwapenda. Alipotawazwa mwaka 1804, joho lake lilitariziwa nyuki wa dhahabu.

Niliandika yote hayo katika daftari, nikarudi nyumbani nimejaa kama mzinga. Mama Rehema alikuwa akipiga pasi sare za watoto. Nilimsomea tangu Misri hadi Paris. Alisikiliza kwa makini, maana yeye si mtu wa kudharau elimu. Nilipomaliza aliitegesha pasi, akasema:

"Hao waliovaa nyuki wa dhahabu, ndio waliopanda juu ya miti kufukiza mizinga?"

Nikalitazama daftari langu. Wafalme, malkia, makuhani, wafu matajiri. Wale wa kwenye picha ya Niuserre, waliopiga magoti mbele ya mizinga wakipuliza moshi, hawakuwa wamevaa kidani chochote.

SIFA YENYE MWIBA

Jumamosi iliyofuata nilirudi maktabani, safari hii bila majivuno. Nilitaka kujua kwa nini wakubwa wale walimpenda nyuki namna ile. Jibu moja ni rahisi: walidhani nyuki anayeongoza mzinga ni mfalme. Aristotle mwenyewe, mwanafalsafa wa Wayunani wa karne ya 4 K.K., aliyeuchunguza mzinga kwa makini kuliko wengi, alimwita kiongozi wa nyuki mfalme. Ilichukua karne nyingi kosa hilo kusahihishwa. Mwaka 1609 Mwingereza Charles Butler alichapisha kitabu kilichoutangaza mzinga kuwa ufalme wa kike, na baadaye katika karne hiyohiyo Mholanzi Jan Swammerdam, akitumia hadubini, aliyaona mayai ndani ya tumbo la huyo aliyeitwa mfalme.

Basi mambo yakageuka juu chini. Anayetaga ni jike. Wale maelfu wanaoruka mauani, wanaojenga masega kwa nta ya miili yao, wanaolisha watoto, wanaopepea mzinga usipate joto na wanaoulinda kwa uhai wao, wote ni majike. Madume hawana hata mwiba. Kazi yao ni kumpandisha malkia, basi. Na nyuki kibarua, katika majira ya maua mengi, huishi wiki chache tu, akafa mabawa yamechanika kwa safari.

Nilipofika hapo niliinua macho nikamkumbuka mke wangu. Huamka saa kumi na moja alfajiri. Huchemsha chai, huwaandaa watoto, hugombea daladala, na saa mbili huwa mezani kwake katika bohari ya kiwanda, ambako ni karani wa hesabu za mali. Jioni hupitia sokoni. Akifika nyumbani huanza zamu ya pili ambayo hailipwi. Na mimi katika miaka kumi sikuwa nimempunguzia hata sufuria moja. Nilikuwa nimemsifu tu.

Kisha nikakutana na mshairi aliyeitwa Semonides wa Amorgos, Myunani wa karne ya 7 K.K. Huyu alitunga shairi la kuwagawa wanawake katika aina kumi. Mmoja, asema, ametokana na nguruwe, mwingine na mbweha, mwingine na mbwa, mwingine na punda, mwingine na nyani, na kadhalika. Wote anawatukana. Mmoja tu ndiye anayemsifu: mke aliyetokana na nyuki. Na sifa zake ni zipi? Kwamba mali ya mumewe huongezeka mikononi mwake, huzeeka akiwa anampenda mume wake, huzaa watoto wema, na hapendi kuketi mahali wanawake wengine wanapoketi kuzungumza.

Nilisoma sehemu hiyo mara tatu. Ndugu msomaji, ilikuwa kama kusikia sauti yangu mwenyewe ikitoka katika kaburi la miaka 2,600. Mwanamke nyuki ni mwema kwa kuwa anafanya kazi na hasemi! Mwandishi mwingine wa Kiyunani, Xenophon, ambaye aliandika katika karne ya 4 K.K., anamweleza bwana mmoja tajiri akimfundisha mkewe kijana kwamba yampasa awe kama nyuki mkuu, akae ndani ya mzinga, awatume wengine kazi za nje, apokee kinacholetwa na kukitunza. Bwana yule anasema maneno mengi, na mkewe maneno machache.

Daftari la siku hiyo sikulisoma nyumbani.

NYUKI WASEMAO

Ningeishia hapo ningekuwa nimejifunza nusu tu. Kwa kuwa kitabu nilichokuwa nikisoma kilikuwa na sura moja iliyobaki, inayohusu dini, niliisoma, na humo nikamkuta nyuki mwingine kabisa.

Wayunani waliwaita baadhi ya makuhani wao wa kike kwa jina la Melissa, yaani nyuki. Hasa waliitwa hivyo watumishi wa Demeter, mungu wa nafaka na mavuno. Huko Delphi, ambako wafalme walituma wajumbe kutoka mbali kwenda kuuliza habari za vita na za safari, mwanamke aliyewapa majibu ya mungu Apolo aliitwa na mshairi Pindar nyuki wa Delphi. Kazi yake hasa ilikuwa kusema, na wanaume waliokwenda kwake kazi yao ilikuwa kusikiliza.

Iko pia hadithi katika utenzi wa kale wa kumsifu Hermes. Inasimulia habari za wanawali watatu wenye mabawa, wakaao chini ya mlima Parnassus, ambao hula masega ya asali na kubashiri mambo. Wakishiba asali husema kweli kwa moyo mkunjufu. Lakini wakinyimwa chakula chao hicho kitamu, maneno yao hupotosha.

Nilikifunga kitabu. Nilikumbuka ile "Asante, ni kizuri".

Jioni hiyo nilipita kwa jirani yetu, mwalimu wa madrasa, mzee ambaye mtaa mzima humheshimu. Nilimwamkia, naye akaitikia marahaba na kunikaribisha mkekani. Nikamwuliza kuhusu nyuki, kwa maana nilijua kwamba sura ya 16 ya Kurani huitwa Suratun-Nahl, sura ya nyuki. Alifurahi kuulizwa.

"Katika sura hiyo, mwanangu," alisema, "aya ya 68 na ya 69 zaeleza kwamba Mola alimpa nyuki wahyi. Angalia neno hilo. Ni lilelile litumikalo kwa mitume, ingawa daraja si moja. Akaamrishwa ajenge katika milima, na katika miti, na katika vile watu wanavyovijenga. Na Kiarabu kinapoamrisha hutenga mume na mke. Basi amri zile zote zimekuja kwa sauti ya kike. Na katika amri hizo imo pia ya kula. Ameambiwa ale katika matunda yote, ndipo kitoke tumboni mwake kinywaji ambacho ndani yake mna ponya kwa watu."

"Aliamrishwa ale kwanza?" nikauliza.

"Ale kwanza," akasema. "Utatoa nini, nawe hujala?"

Nilipofika nyumbani niliifungua Biblia yetu katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 4. Debora, ambaye jina lake kwa Kiebrania maana yake ni nyuki, alikuwa nabii na mwamuzi wa Israeli. Aliketi chini ya mtende, na watu wakamwendea awaamue. Alimwita jemadari Baraka akampa amri ya vita, na jemadari akakataa kwenda asipokwenda naye. Mume wa Debora ametajwa pale kwa jina tu, Lapidothi. Hakuna neno lake hata moja. Nilikaa kitambo nikimfikiria mtu yule. Pengine sifa yake kubwa ni kwamba mkewe alipoketi chini ya mtende, hakuja kumwita akapike.

NENO LILILOSAHAULIKA

Ilikuwa saa tatu usiku. Mama Rehema alikuwa akipanga vyombo. Nilimwomba aketi, akaketi, nikamwambia: "Mama Rehema, lile swali lako sijalijibu. Nyuki anakula nini?"

Alinitazama kwa muda, kisha akasema: "Mwezi wa Juni nilikueleza neno. Unalikumbuka?"

Nilitafuta kichwani nikakosa. Yeye akanikumbusha bila ghadhabu, na hilo ndilo lililoniuma. Mwezi wa Juni alikuwa ameniambia kwamba anataka kusoma kozi ya uhasibu ya jioni, siku tatu kwa wiki, apate cheti, kwa sababu pale bohari yeye ndiye anayewafundisha kazi wale wanaoletwa kuwa wakubwa wake. Alikuwa ameuliza ada, ameuliza saa, amepiga hesabu ya nauli, akayaandika yote katika karatasi na kunipa. Nami nilimjibu, "Tutaliangalia." Karatasi ile niliitia mfukoni. Mwezi wa Septemba akaniuliza tena. Nikamwambia hali ya fedha si nzuri. Miezi mitatu baadaye nikaenda kwa sonara.

"Gharama ya kidani," alisema, "inakaribia ada ya muhula mmoja. Sikusema, kwa kuwa zawadi haihesabiwi bei. Lakini uliponiambia umechagua nyuki kwa sababu nafanya kazi sana, nilimkumbuka marehemu baba. Alikuwa akirina, hata njaa iwe kubwa namna gani, haukombi mzinga. Huacha masega kadhaa. Vijana walimcheka, wakakomba mizinga yao mpaka mwisho. Kesho yake wakikuta mizinga mitupu. Nyuki hawapigi kelele, Baba Rehema. Akiona hakuachiwa kitu, huhama."

Sikumwona akitishia. Alikuwa akinieleza tabia ya mdudu anayemjua. Lakini nilihisi baridi mgongoni, kwa sababu nilitambua kwamba kwa nusu mwaka mke wangu alikuwa akiniambia "sawa" na "ni kizuri" na "hakuna neno", na mimi nikiyapokea maneno hayo kama kweli. Alikuwa amenyimwa asali, naye akawa anasema yale ambayo mnyimwaji husema.

Nilitaka kumwambia tuuze kidani tulipe ada. Akakataa. "Zawadi haiuzwi. Ada nitailipa mimi kidogokidogo. Mimi sikukuomba fedha, soma ile karatasi. Nilikuomba jioni tatu."

Naam, ndivyo ilivyoandikwa. Karatasi niliikuta katika mfuko wa koti, imekunjika, wino umeanza kufifia. Mstari wa mwisho ulisema: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, nani atakuwa na watoto?

Januari alijiandikisha. Tangu hapo, jioni tatu kwa wiki mimi ndiye niliye jikoni. Sitadai kwamba ni jambo jepesi. Nimelazimika kubadilishana zamu na mwenzangu ofisini, na malipo ya saa za ziada yamepungua. Ugali wangu wa kwanza ulikuwa na madonge hata mdogo wake Rehema akauliza kama ni viazi. Mama yangu mzazi alipotutembelea akanikuta na mwiko mkononi, aliguna, akaketi, akasema kwamba baba yangu hakujua hata chumvi inawekwa wapi. Nikamjibu kwa adabu kwamba mimi sasa najua. Yapo pia majuma tuliyogombana: juma nililochelewa kwa habari iliyozuka jioni, naye akakosa mtihani mdogo. Juma lile hatukuzungumza mpaka Jumapili.

Kidani kilibaki katika droo. Siku ya kwanza ya masomo hakukivaa. Ya pili hakukivaa. Nikaacha kuangalia, maana nilikuwa nimeelewa kwamba zawadi yenyewe haikuwa katika kijisanduku.

Mwezi wa Machi, Jumatano moja yenye mvua, nilitoka na mwavuli kwenda kumpokea kituoni. Aliteremka katika basi na vitabu vyake ndani ya mfuko wa plastiki, amechoka, na huku akinieleza, kabla hata ya kunisalimia, jinsi alivyombishia mwalimu katika hesabu ya uchakavu wa mitambo na mwalimu akakiri kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Alieleza njia nzima. Chini ya taa ya barabarani, kwenye ukosi wa blauzi yake, niliona kitu kikimeta. Sikusema neno. Nilimshikia vitabu, nikaendelea kusikiliza.

Wewe nawe, ndugu msomaji, kama unakusudia kumvika mwenzio nyuki, mvike. Ni pambo la heshima, nalo lina miaka elfu nyingi. Lakini kabla hujafika kwa sonara, jaribu kukumbuka jambo la mwisho alilokuomba ni lipi, na wewe ulimjibu nini. Ukiona hukumbuki, rudi nyumbani kwanza ukaangalie katika mifuko ya koti lako.